Kustahili na Kushinda: Historia Fupi ya Ubashiri wa Tuzo za Oscar

Utangulizi

Kila mwaka kati ya Desemba na Machi, wapenzi wa filamu hugeuka wapiga ramli. Hubishana ni filamu gani itatwaa Oscar, nani atapanda jukwaani na nani atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwetu sisi wanafunzi wa Kampala, ambao wenzetu wengi hujaza mikeka ya kandanda kila mwisho wa juma, mabishano ya namna hii si mageni. Kuna vinara, kuna wasiotarajiwa, kuna anayejua na kuna anayejidai kujua. Tofauti ni kwamba mpira huamuliwa uwanjani mbele ya macho ya wote, ilhali Oscar huamuliwa kwa kura za siri za watu tusiowajua.

Insha hii inachunguza ubashiri huo ulianzaje, na kwa nini mara nyingine hufaulu na mara nyingine hukosea vibaya. Hoja yangu ni kwamba mashabiki huchanganya maswali mawili: filamu ipi inastahili kushinda, na filamu ipi itashinda. Swali la kwanza linahusu filamu. La pili linahusu wapiga kura. Nitaonyesha jinsi historia ilivyoyatenga maswali haya mawili, kisha nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu watu wa Afrika Mashariki, ambao hadithi zetu zimeanza kuingia katika kinyang'anyiro hicho.

Kabla ya bahasha

Tuzo za kwanza za Akademia ya filamu ya Marekani zilitolewa tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Wageni walikuwa takriban 270, na ugawaji wa tuzo ulichukua kama dakika 15 tu. Usiku ule hapakuwa na cha kubashiri, kwa sababu majina ya washindi yalikuwa yametangazwa tangu Februari. Aliyehudhuria alikwenda kula na kupiga makofi.

Baadaye Akademia ilianza kuficha matokeo hadi usiku wa sherehe. Hata hivyo, magazeti yalipewa majina mapema kwa sharti kwamba yasiyachapishe kabla ya saa tano usiku. Katika miaka hiyo ya 1930 ndipo tunapoona ubishi wa kwanza mkubwa wa mashabiki na wanafilamu wenyewe. Mwaka 1935 mwigizaji Bette Davis hakuwamo katika orodha ya walioteuliwa kwa kazi yake katika Of Human Bondage. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba Akademia iliruhusu wapiga kura kuandika jina lolote walilotaka kwenye karatasi ya kura. Wengi waliamini Davis angeshinda kwa njia hiyo. Aliyeshinda ni Claudette Colbert wa It Happened One Night, ambaye mwenyewe hakutarajia, hata akawa yuko kituoni tayari kupanda treni alipofuatwa kuja kuchukua tuzo yake. Baada ya ghasia hizo, kazi ya kuhesabu kura ilikabidhiwa kampuni ya wahasibu ya Price Waterhouse.

Tukio lililobadilisha kila kitu lilikuja tarehe 29 Februari 1940, mwaka wa Gone with the Wind. Hattie McDaniel alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi na kuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda Oscar, ingawa alitengewa meza yake kando na wenzake wa filamu ile ile. Usiku huo gazeti la Los Angeles Times lilivunja sharti na kuchapisha majina ya washindi katika toleo lake la jioni. Wageni waliweza kuyasoma kabla ya kuingia ukumbini. Kuanzia mwaka 1941 Akademia ikaleta bahasha iliyofungwa, na hakuna aliyejua matokeo isipokuwa wahasibu.

Naona bahasha hiyo ndiyo iliyomzaa mbashiri. Penye siri hapakosi wa kuibashiri. Televisheni ikaongeza idadi ya wabashiri mara elfu: sherehe ilipoonyeshwa moja kwa moja kwa mara ya kwanza, tarehe 19 Machi 1953, Wamarekani waliokuwa nyumbani walishuhudia papo hapo High Noon, iliyokuwa imependwa na wahakiki wa New York, ikishindwa na The Greatest Show on Earth, filamu ya sarakasi. Mshangao ukawa sehemu ya burudani.

Kalenda ya dalili

Mbashiri hawezi kufanya kazi bila dalili. Mkulima hutazama mawingu. Mbashiri wa Oscar hutazama tuzo nyingine zinazotolewa kabla. Tuzo hizo hazikuanza kwa siku moja. Wahakiki wa New York walianza kutoa zao mwaka 1935. Waandishi wa habari wa kigeni walioishi Hollywood walianzisha Golden Globe mwaka 1944. Chama cha Waongozaji kilianza kumtuza mwongozaji bora mwaka 1948, Chama cha Watayarishaji kikafuata mwaka 1990, na Chama cha Waigizaji mwaka 1995. Waingereza walikuwa wakitoa tuzo yao ya BAFTA baada ya Oscar, lakini tangu mwaka 2001 wameisogeza ikawa kabla yake. Hapo ndipo miezi ya baridi ya Marekani ilipogeuka msimu mzima wenye raundi zake kama ligi.

Ni muhimu kuelewa kwamba dalili hizi hazina uzito sawa. Mhakiki wa gazeti hapigi kura ya Oscar. Mwandishi wa habari wa Golden Globe hapigi pia. Lakini mwongozaji, mtayarishaji au mwigizaji aliyepiga kura katika chama chake anaweza kuwa pia mwanachama wa Akademia. Ndiyo maana mshindi wa Chama cha Waongozaji amekosa Oscar ya mwongozaji bora mara chache sana katika zaidi ya miaka 70, ilhali kipenzi cha wahakiki huanguka mara kwa mara. Tuzo ya wahakiki inajibu swali la kustahili. Tuzo ya chama inajibu swali la kushinda. Shabiki anayezijumlisha zote kana kwamba ni alama za mtihani mmoja anajumlisha ndizi na mawe.

Waigizaji wana nafasi ya pekee katika hesabu hii, kwa kuwa wao ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademia. Jambo hili litatusaidia kuelewa sehemu inayofuata.

Mikeka iliyochanika

Tuangalie mishangao mitatu mikubwa. Machi 1999 filamu ya vita ya Steven Spielberg, Saving Private Ryan, ilikuwa imeshinda katika Chama cha Waongozaji na Chama cha Watayarishaji. Spielberg alichukua Oscar ya mwongozaji, lakini Filamu Bora ikawa Shakespeare in Love, iliyosukumwa na kampeni kali ya kampuni ya Miramax. Tarehe 5 Machi 2006 Brokeback Mountain, hadithi ya mapenzi ya wachungaji wawili wa kiume, ilifika ikiwa na tuzo za waongozaji, watayarishaji, waandishi, Golden Globe na BAFTA. Ikashindwa na Crash. Tarehe 9 Februari 2020 filamu ya vita 1917 ilikuwa na rekodi inayokaribia hiyo. Ikashindwa na Parasite ya Korea Kusini, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuwa Filamu Bora.

Tukizitazama kwa makini, tunaona kitu kimoja: Shakespeare in Love, Crash na Parasite zote zilikuwa zimeshinda tuzo ya kundi zima la waigizaji inayotolewa na Chama cha Waigizaji. Dalili ilikuwapo. Siyo kwamba tuzo hiyo haikosei. Filamu kama The Help na American Hustle ziliipata na hazikushinda Oscar ya Filamu Bora. Lakini katika miaka hiyo mitatu ilikuwa ikieleza jambo ambalo dalili nyingine hazikulieleza: kundi kubwa la wapiga kura lilikuwa na mapenzi yake.

Mwaka 2006 unafaa kuchunguzwa zaidi kwa sababu unahusu mashabiki wenyewe. Kwa nini Crash? Ilikuwa na waigizaji wengi mashuhuri, kwa hiyo ilikuwa na marafiki wengi ndani ya chama chao. Ilihusu ubaguzi wa rangi Los Angeles, mji ambamo wapiga kura wengi wanaishi. Kampuni iliyoisambaza ilituma zaidi ya diski 100,000 kwa wapiga kura wa tuzo mbalimbali, hata wanachama wa kawaida wa Chama cha Waigizaji. Upande wa pili, walikuwapo wanachama wazee waliosema hadharani kwamba hawakuwa na haja ya kuitazama Brokeback Mountain. Hakuna hata sababu moja kati ya hizi inayohusu ubora wa filamu hizo mbili.

Mashabiki wa Brokeback Mountain walifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Walichangishana fedha wakanunua tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la Variety siku chache baada ya sherehe, kuwashukuru waliotengeneza filamu hiyo na kuorodhesha tuzo ilizoshinda. Tangazo hilo ni ushahidi mzuri wa kihistoria. Mashabiki hao walikuwa wameshindwa katika ubashiri, lakini hawakukubali kwamba wameshindwa katika hukumu. Kwa maneno mengine, walitenganisha kustahili na kushinda, ijapokuwa kwa uchungu.

Kanuni mpya, wapiga kura wapya

Ubashiri ulizidi kuwa mgumu Akademia ilipobadilisha mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuhesabu. Mwaka 2009 Akademia ilitangaza kwamba filamu zinazowania tuzo ya Filamu Bora zitakuwa kumi badala ya tano, na kwamba mpiga kura atazipanga kwa kufuata anavyozipenda. Kama hakuna filamu iliyopata zaidi ya nusu ya kura za nafasi ya kwanza, inayoshika mkia hutolewa, na kura zake hugawiwa filamu zilizoandikwa nafasi ya pili kwenye karatasi hizo. Kazi huendelea hivyo mpaka moja ivuke nusu. Kwa utaratibu huu, filamu inayopendwa sana na wengine na kuchukiwa na wengine iko hatarini. Inayofaidi ni ile ambayo karibu kila mtu anaiweka nafasi ya pili au ya tatu.

La pili ni wapiga kura wenyewe. Uchunguzi wa Los Angeles Times wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 94 ya wanachama walikuwa weupe na asilimia 77 wanaume. Mwaka 2015 na tena 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe, na lawama zikavuma duniani kote. Januari 2016 Akademia iliahidi kuongeza maradufu idadi ya wanawake na ya watu wa jamii nyingine ifikapo 2020. Mwaka 2018 pekee ilialika watu 928, baadhi yao wakitoka nje ya Marekani.

Matokeo yalionekana upesi. Tarehe 26 Februari 2017 La La Land, iliyokuwa imeteuliwa katika vipengele 14, ilikuwa kinara wa karibu kila mbashiri. Jina lake likasomwa. Watengenezaji wake walikuwa tayari wanatoa shukrani jukwaani ilipogunduliwa kwamba wasomaji walipewa bahasha isiyo yake, na kwamba mshindi ni Moonlight, filamu ndogo kuhusu kijana mweusi wa Miami. Watu wengi wanakumbuka kosa la bahasha tu. Kwa mwanafunzi wa historia, lililo kubwa zaidi ni kwamba vitabu vya zamani vya ubashiri vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya wapiga kura ambao hawakuwa peke yao tena. Parasite miaka mitatu baadaye ilithibitisha hilo.

Afrika Mashariki katika msimu wa tuzo

Je, haya yanatuhusu vipi? Tarehe 25 Februari 2007 Forest Whitaker alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwa kumwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa hapa Uganda, na ambayo kwa ajili yake alijifunza Kiswahili. Huo haukuwa ubashiri mgumu: alikuwa ameshinda Golden Globe, BAFTA na tuzo ya Chama cha Waigizaji. Mwaka 2014 mambo yalikuwa tofauti. Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyekuwa katika 12 Years a Slave, alikabiliana na Jennifer Lawrence, ambaye tayari alikuwa na Golden Globe na BAFTA. Nyong'o alikuwa na tuzo ya Chama cha Waigizaji. Aliyeelewa uzito wa dalili alijua ni ipi ya kuitegemea, na tarehe 2 Machi Mkenya huyo akapanda jukwaani.

Lakini kuna upande mwingine. Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair na kumhusu msichana wa mtaa wa Katwe anayecheza sataranji, ilisifiwa na wahakiki na haikupata hata uteuzi mmoja. Watu Wote, filamu fupi kuhusu Waislamu waliowalinda Wakristo ndani ya basi lililoshambuliwa kaskazini mwa Kenya, iliteuliwa mwaka 2018 na ikashindwa. Na mwaka 2024 ikafika zamu yetu: Bobi Wine: The People's President, filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2021, iliteuliwa katika kipengele chake pamoja na nyingine nne.

Sherehe ilianza saa nane usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 11 Machi. Katika hosteli yetu tulikuwa kama kumi mbele ya kompyuta moja. Tuzo ilipokwenda kwa 20 Days in Mariupol, iliyorekodiwa ndani ya mji wa Ukraine uliozingirwa na jeshi la Urusi, mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Tumeibiwa tena." Neno hilo lilikuwa na historia yake ambayo kila mtu chumbani aliijua. Ndipo dada mmoja, mtu mzima kidogo kuliko sisi, alipouliza kwa upole, "Ndugu zangu, nani hapa ametazama zile nyingine nne?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, "Na yetu wenyewe, nani ameitazama mpaka mwisho?" Mikono mitatu iliinuliwa, wangu ukiwa mmojawapo.

Simweleweki vibaya yule aliyesema tumeibiwa. Tulitaka dunia iseme kwamba yaliyotupata ni ya kweli, na Oscar ilionekana kama muhuri. Lakini kwa upande wa kushinda, dalili zilikuwa wazi: filamu ya Ukraine ilikuwa tayari imepata BAFTA na tuzo ya Chama cha Waongozaji, na vita iliyoonyesha ilikuwa inaendelea usiku ule ule. Mwongozaji wake alisema jukwaani kwamba angetamani asingelazimika kuitengeneza kamwe. Kwa upande wa kustahili, sisi hatukuwa na haki ya kutoa hukumu, kwa sababu wengi wetu hatukuwa tumetazama. Katika hili hatukuwa peke yetu. Ni Aprili 2025 tu ambapo Akademia ilitangaza kwamba mpiga kura lazima awe ametazama filamu zote za kipengele kabla ya kupiga kura ya mwisho katika kipengele hicho. Maana yake ni kwamba kwa karibu karne nzima sharti hilo halikuwa la vipengele vyote.

Hapa ndipo ubashiri unapoacha kuwa mchezo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Filamu ikitajwa kila wiki kuwa kinara, mpiga kura mwenye shughuli nyingi huitazama hiyo kwanza. Isiyotajwa hubaki kwenye rundo. Hivyo orodha ya wabashiri haitabiri tu, inasaidia kuamua. Na filamu kutoka kwetu, ambazo hazina fedha za kampeni ndefu Los Angeles, mara nyingi huwa mkiani mwa rundo hilo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ubashiri wa Oscar ulizaliwa na siri ya bahasha, ukalelewa na kalenda ya tuzo za vyama, na ukayumbishwa kila wapiga kura au kanuni zilipobadilika. Anayetaka kubashiri vizuri awasome wapiga kura: ni akina nani, ni wangapi, wanahesabiwaje. Anayetaka kujua filamu ipi ni bora azitazame filamu zenyewe, kisha aupe muda nafasi. High Noon iliyoshindwa mwaka 1953 ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuchaguliwa, mwaka 1989, kuhifadhiwa katika sajili ya taifa ya filamu ya Marekani.

Napendekeza tuelekeze sehemu ya bidii hii karibu na nyumbani. Tamasha la FESPACO la Ouagadougou limekuwapo tangu 1969. Mwaka 2019 tuzo yake kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, ilichukuliwa na Joel Karekezi wa Rwanda kwa The Mercy of the Jungle, filamu kuhusu askari wawili wa Rwanda waliopotea katika msitu wa Kongo. Jirani yetu alishinda tuzo kubwa kuliko zote za sinema barani, kwa hadithi ya vita tunayoijua, na katika mabishano yote ya filamu niliyoyasikia hosteli sijawahi kumsikia mtu akiitaja. FESPACO huamuliwa na jopo dogo la waamuzi wanaokaa pamoja na kutazama kila filamu. Haina msimu wa dalili, kwa hiyo hakuna njia ya kubashiri isipokuwa kuzitazama filamu na kubishana kuhusu kustahili. Ubishi wa namna hiyo ndio tunaouhitaji zaidi.